Simu ngumu haijui njia ya Mwese

Muuzaji wa simu ngumu ana onyesho moja analoliamini kuliko maneno. Anaitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji huku kioo chake kikiwaka, anangoja watu wajazane, anaitoa, anaifuta kwa kitambaa, halafu anaiachia ianguke sakafuni. Paa! Simu bado inawaka. Kijana aliyeegesha pikipiki yake ya Boxer nje ya duka anasogea, anaipima uzito mkononi, kisha anauliza kama muuzaji anakubali kulipwa kidogokidogo. Onyesho ni la kweli na simu haina kasoro. Kilichobaki bila kuulizwa ni kama simu hiyo inajua njia ya Mwese.

Kwa mkoa wa Katavi, swali hilo ndilo lenye uzito. Mwese iko juu milimani, wilaya ya Tanganyika, na anayekwenda huko kwa pikipiki kwa mara ya kwanza hukutana na njia panda zisizo na kibao, mashamba yaliyofunguliwa msimu uliopita, na wenyeji wakarimu ambao umbali wowote kwao ni "hapo mbele tu". Simu isiyoingia maji haimwambii akate kushoto au kulia. Ramani ndiyo inayomwambia, na ramani haiji na ganda la mpira. Anayenunua kifaa cha kumwongoza barabarani, awe dereva wa bodaboda wa Makanyagio, mganga wa mifugo au afisa ugavi wa dawa, anatakiwa aanze na ramani, afuate kishikio na umeme wa kuchaji, aulize fundi yuko wapi, na ugumu wa ganda uwe jambo la mwisho. Madukani mpangilio huo umegeuzwa juu chini, na wanaoumia ni watu wenye kipato kidogo ambao simu moja kwao ni akiba ya miezi kadhaa.

Katavi yenyewe inaeleza kwa nini. Mkoa ulizaliwa rasmi Machi 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Katika miaka kumi watu wamezidi maradufu, na hakuna mkoa mwingine nchini ulioongezeka kwa kasi hiyo. Eneo ni kilomita za mraba karibu 45,800, zaidi ya mara moja na nusu ya nchi ya Burundi. Wafugaji wameshuka na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakulima wamefuata ardhi ya mpunga na mahindi, wachimbaji wadogo wamefuata dhahabu. Kila kundi limefungua njia zake. Penye pori miaka minane iliyopita leo pana vitongoji, mashine ya kukoboa, duka la pembejeo na kijiwe cha boda. Ramani iliyochorwa kwa picha ya zamani inaonyesha pori.

Mjini shida si kubwa. Dereva wa Mpanda anaijua Kashaulili, Majengo, Nsemulwa na Kawajense nje ndani, na abiria anayeshuka na treni ya Tabora usiku hahitaji setilaiti ili afike nyumba ya wageni. Shida huanza pale lami inapoisha. Njia ya kwenda Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, inapita vijiji vilivyoachana mbali. Makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania, yalipangwa kwa barabara zilizonyooka. Mgeni akiingia humo jioni huona kila njia imefanana na iliyotangulia. Ukielekea kusini kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na barabara ya kwenda Kibaoni na Sumbawanga inakatiza ndani yake.

Kabla ya kuzungumzia vifaa, iko imani moja ya kung'oa. Vijiweni wengi huamini kwamba bila bando hakuna ramani. Si kweli, na imani hiyo imewagharimu watu fedha nyingi. Kifaa cha GPS ndani ya simu hakitumii mnara wala vocha. Kinasikiliza mawimbi ya setilaiti zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, kinalinganisha muda ambao mawimbi hayo yamechukua kufika, na kutoka hapo kinakokotoa mahali simu ilipo. Huduma ni bure. Ilijengwa na jeshi la Marekani. Baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kutunguliwa na Wasovieti mwaka 1983 kwa kupotea njia, Rais Ronald Reagan aliahidi kuifungulia dunia nzima. Hata hivyo raia waliendelea kupewa mawimbi yaliyopunguzwa usahihi kwa makusudi hadi Mei 1, 2000. Leo simu ya kawaida, ikiwa mahali pa wazi, hukosea kwa mita tano hivi tu, na nyingi husikiliza pia setilaiti za Warusi, za Ulaya na za China.

Bando linasaidia mambo mawili. La kwanza ni kuharakisha: simu yenye mtandao huambiwa setilaiti ziko upande gani, ikajipata ndani ya sekunde chache, lakini isiyo na mtandao huzitafuta yenyewe na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ndiyo maana dereva anayewasha ramani akiwa chini ya mwembe, akaona kidoti hakitulii, huamua kwamba simu ni mbovu. Asogee juani, aiache itulie, ndipo aondoke. La pili ni kushusha picha ya ramani yenyewe, na hilo linaweza kufanyika mara moja tu, nyumbani, kwa bando la usiku. Programu kama Organic Maps, OsmAnd na Maps.me huhifadhi ramani ya nchi nzima ndani ya simu na kutafuta njia bila mtandao wowote. Ramani za Google nazo huruhusu kuhifadhi eneo, ingawa bila mtandao hutoa njia za magari tu, na eneo lililohifadhiwa linatakiwa kusasishwa kila baada ya muda.

Serikali inaongeza minara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, katika mikoa 26. Ni kazi njema na matunda yake yanaonekana. Hata hivyo simba wa Katavi hawanunui vocha. Hakuna kampuni itakayokimbilia kujaza minara kwenye hifadhi ya kilomita za mraba 4,471 au kwenye misitu ya Tongwe. Anayepita huko apange safari kana kwamba mtandao haupo. Ukiwepo, ashukuru.

Sasa, ramani yenyewe inatoka wapi? Hapa ndipo hoja inapogusa watu wengi zaidi ya wenye pikipiki. Programu zile tatu zinasoma ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuirekebisha. Ubora wake hutegemea nani amejitolea kwa sehemu gani. Dar es Salaam ilipata mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakachora mitaa yao, hasa ile inayofurika. Mkoani Mara, mradi wa kujitolea wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza mwaka 2015, uliunganisha watu wa nchi mbalimbali waliochora nyumba na njia kutoka picha za setilaiti, na wenyeji walioongeza majina ya vijiji wakitumia simu zao. Ramani hiyo ilitumiwa na shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, kuwafikia wasichana waliotaka kukimbia ukeketaji. Binti anapiga simu usiku kutoka kijiji ambacho hakimo kwenye ramani ya kawaida. Anayekwenda kumchukua anahitaji kujua njia, na anaihitaji bila mtandao. Ugumu wa ganda la simu haukuokoa mtu hapo. Walioleta tofauti ni watu waliokuwa wameichora njia ile kabla.

Katavi imeshaonja faida kama hiyo kwa mlango mwingine. Februari 8, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dodoma operesheni ya anwani za makazi, na nchi nzima ikaanza kuweka majina ya mitaa na namba za nyumba kwenye mfumo wa kidijitali kabla ya sensa ya Agosti 23 mwaka huo. Makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi. Septemba 2023, baada ya mgonjwa wa polio kubainika Rukwa, Katavi ilikuwa kati ya mikoa sita iliyopelekewa kampeni ya chanjo ya nyumba kwa nyumba kwa watoto wa chini ya miaka minane. Mchanjaji anayeruka kitongoji kwa sababu hakioni kwenye orodha anawaacha watoto nyuma. Kwa hiyo ramani ya vijijini ni mali ya umma kama kisima, na ni ajabu kwamba bado inajadiliwa kama kitu cha wapenda teknolojia.

Baada ya ramani, kifaa.

Kishikwambi kwanza, kwa sababu neno hilo limeenea tangu sensa, na vile vya sensa viligawiwa walimu, kwa hiyo wengi wamekishika. Kioo cha inchi nane kinavutia: herufi kubwa, ramani pana, baba mwenye miwani anaiona. Juu ya usukani wa Boxer au TVS, hata hivyo, kishikwambi hufunika mita ya mwendo na kipimo cha mafuta, hukamata upepo, na uzito wake huvuta kishikio kila gurudumu linapoingia shimoni. Vipo vishikwambi vilivyojengwa kwa kazi ngumu, kama Samsung Galaxy Tab Active ambayo betri yake hutolewa kwa mkono na kubadilishwa. Hivyo ni vyema kwa anayesimama ili afanye kazi. Taasisi ya Jane Goodall, iliyokua kutokana na utafiti wa sokwe ulioanza Gombe mwaka 1960, kwa miaka mingi imewapa walinzi wa misitu ya vijiji vya magharibi mwa Tanzania simu na vishikwambi vya Android ili wanapokuta mti uliokatwa, mtego au kiota cha sokwe wakirekodi papo hapo, na GPS iweke mahali. Mlinzi huyo anasimama, anatoa kifaa kwenye mkoba, anaandika, anarudisha. Matumizi hayo na ya dereva wa boda ni mbingu na ardhi. Kwa dereva aliye mwendoni, simu ya inchi sita na nusu inatosha, na hata hiyo ni pana.

Halafu simu ngumu. Sifa zake mbili za dukani zinahitaji kusomwa taratibu. Ya kwanza ni IP68. Tarakimu ya 6 inahusu vumbi: halipenyi kabisa, na kwa Katavi ya Septemba hiyo ndiyo tarakimu yenye thamani. Tarakimu ya 8 inahusu kuzama kwenye maji baridi yaliyotulia, kwa kina na muda alioutaja mtengenezaji. Haisemi lolote kuhusu maji yenye presha. Dereva anayepeleka pikipiki kuoshwa kwa mashine huku simu ikiwa kwenye usukani, akitegemea IP68, anaipa simu mtihani ambao haijawahi kuufanya. Kipimo cha maji ya presha kali na ya moto ni kingine, IP69. Isitoshe, kizuizi cha maji ni gundi na mpira mwembamba. Kioo kikishafunguliwa na kufungwa na fundi asiye na gundi yake, namba hiyo imebaki kwenye boksi tu.

Sifa ya pili ni MIL-STD-810, ambayo wauzaji huitafsiri kama "simu ya jeshi". Ni kiwango cha kweli cha jeshi la Marekani, chenye mitihani mingi: joto, baridi, ukungu, mchanga, kuanguka, mtikisiko. Lakini hakuna ofisi ya jeshi inayopima simu za madukani na kutoa cheti. Mtengenezaji huchagua mitihani, hujipima au hulipa maabara, kisha huandika jina la kiwango kwenye boksi. Simu moja inaweza kuwa imepimwa mambo kumi, nyingine mawili, na maandishi yakawa yaleyale.

Mtikisiko, ambao ndio adui mkubwa, hauonekani kwenye ndoo ya maji. Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki, unaopanda kupitia fremu na usukani, unaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa sababu lenzi zake zinashikiliwa na visumaku vidogo vya kutuliza picha. Hata kwa skuta na pikipiki ndogo ilishauri kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko. Tahadhari ilikuwa ya iPhone, lakini kamera za namna hiyo zimo kwenye simu nyingi za bei ya juu. Pikipiki za bodaboda zina silinda moja, na kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo mtikisiko wa injini na wa barabara hukutana hapohapo kwenye usukani. Hapa simu ya bei ya kati isiyo na kituliza picha ina nafuu: kitu kisichokuwepo hakiwezi kung'oka.

Uzito nao unafuata. Simu ya kawaida ina gramu 200 hivi. Simu ngumu zenye betri kubwa hupita hapo kwa mbali. Oukitel WP19, yenye betri ya mAh 21,000, ina uzito unaozidi maradufu ya huo. Betri hiyo ni neema kwa mvuvi wa Ikola anayekaa siku tatu bila umeme. Kwenye kishikio cha plastiki cha bei nafuu ni nyundo. Plastiki ikikatika katikati ya mteremko, ugumu wa simu utaiokoa simu, ila dereva aliyeinama kuidaka hana ganda la mpira.

Jua ndilo adui anayesahaulika zaidi. Apple inaeleza kwamba iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Oktoba ya Katavi huvuka nyuzi 30 kivulini, na juu ya usukani hakuna kivuli. Simu inayoonyesha ramani, inayochajiwa na inayopigwa jua la saa nane mchana hupunguza mwanga yenyewe, hukataa chaji, na mwishowe hujizima. Ganda nene jeusi haliisaidii kupoa. Mnunuzi aitoe simu nje ya duka, aisimamishe juani, aongeze mwanga hadi mwisho, kisha ajaribu kusoma jina la mtaa. Jaribio hilo la dakika mbili lina maana kuliko ndoo nzima ya maji.

Swali la fundi ndilo ambalo wanunuzi wangelitanguliza kama wangewauliza waliokwisha kununua. Mafundi simu wa miji ya Tanzania wana vioo vya Tecno, Infinix, itel na Samsung za bei ya kawaida kwa sababu ndizo zilizojaa mikononi mwa watu. Kioo cha simu ngumu ya jina geni huagizwa, na anayeagiza kutoka Mpanda hungoja. Kwa dereva, siku za kungoja ni siku za kukosa wateja wanaompigia. Jina kubwa nalo si dhamana: kampuni ya Uingereza ya Bullitt, iliyokuwa ikitengeneza simu ngumu zenye nembo ya Cat, nembo ileile ya matingatinga, ilianguka mwanzoni mwa 2024, na simu hizo zikabaki bila mwenyewe. Zipo pia bandia. Tanzania ilizima simu bandia Juni 16, 2016, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwafundisha wananchi kubonyeza *#06# ili kupata namba ya IMEI na kuituma kwenda 15090 kuhakiki. Tabia ya kubonyeza *#06# na kulinganisha namba na iliyoandikwa kwenye boksi haijapitwa na wakati, na muuzaji anayenuna akiombwa hilo ameshajibu.

Fedha inayobaki kwa kununua simu ya kawaida badala ya simu ngumu iende wapi? Kwenye usukani. Kishikio cha chuma chenye mipira minne ya kubana pembe, kilichofungwa kwa boliti na siyo kwa sumaku au gundi. Kipande cha tyubu ya tairi kati ya chuma na usukani ili kimeze mtikisiko, na kingine kikizungushwa juu ya simu kama mkanda wa usalama. Kila dereva aliyewahi kufunga gunia la mpunga la Mwamkulu anajua nguvu ya mpira ule. Kava nyepesi yenye kingo zilizoinuka, na protekta ya kioo. Simu ya kawaida ikivikwa hivyo inastahimili mengi yanayotangazwa na simu ngumu, na kava ikichakaa hubadilishwa kwa fedha ya chai.

Umeme unahitaji uangalifu zaidi. Betri ya pikipiki ni ndogo, kazi yake ni stata, honi na taa. Fundi akiunganisha chaja ya USB moja kwa moja kwenye betri bila swichi, chaja huendelea kunyonya usiku kucha, na asubuhi dereva anapiga kiki hadi jasho limtoke. Waya upite kwenye swichi ya ufunguo, uwe na fyuzi yake, na tundu la USB liwe na kifuniko cha mpira. Adui wa mwisho ni tundu la chaji la simu yenyewe, ambalo wakati wa masika hujaa tope na maji, vyuma vikashika kutu. Zamani wengi walifunika simu kwa rambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na vizuri ilivyokuwa. Sasa vipo vifuko vya kuzuia maji vyenye zipu, ila mvua ikipiga juu ya kioo, matone huonekana kwa simu kama vidole na ramani huanza kujifungua ovyo. Mvua ikianza, simu iingie mfukoni na sauti yake ndiyo iongoze, kwa kisikilizi kimoja sikioni, sikio la pili likibaki huru kwa honi za malori.

Kuhusu macho, hesabu ni fupi. Kwa kilomita 50 kwa saa pikipiki hukata mita 14 kila sekunde. Anayetazama kioo kwa sekunde mbili amepita mita 28 bila kuona barabara. Kati ya Sitalike na Kibaoni, ambako nyati na tembo huvuka barabara wapendapo na viboko hutoka mtoni jioni, mita 28 ni nyingi mno. Kusimama katikati ya hifadhi ili kupanua ramani ni hatari nyingine. Njia ya kukatiza pale isomwe Sitalike, mbele ya maduka, na kioo kizimwe hadi upande wa pili. Programu za ramani huendelea kufuata njia hata kioo kikiwa kimezimwa.

Madereva wengi wameshagundua jambo moja bila kufundishwa, nalo lisemwe kwa sifa: kubeba simu mbili. Kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, mfukoni, chenye laini ya M-Pesa au HaloPesa na namba za wateja, betri yake ikikaa siku kadhaa. Simu janja kwenye usukani, yenye ramani tu. Simu ya usukani ikiibiwa, ikipasuka au ikizama kwenye Mto Katuma, fedha za siku na namba za wateja ziko salama. Anayeweka kila kitu kwenye simu moja ya gharama, halafu akaianika mbele ya macho ya watu wote barabarani, amebeba benki yake kwenye usukani.

Na kiswaswadu kina kazi nyingine ambayo haijatumiwa ipasavyo. Mahali popote duniani paweza kuandikwa kwa namba mbili. Mpanda mjini, kwa mfano, ni karibu -6.34, 31.07. Kila tarakimu inayoongezwa baada ya nukta hubana zaidi: tarakimu tatu huonyesha eneo la mita 110 hivi, nne huonyesha mita 11, na nne zinatosha kufikia mlango wa zahanati. Namba hizo hutumwa kwa ujumbe mfupi wa kawaida, hupita hata kwenye mnara dhaifu, na anayezipokea huziingiza kwenye ramani isiyohitaji bando. Mwenyekiti wa kitongoji akiwa na namba za shule, kisima, zahanati na njia panda za eneo lake zilizoandikwa kwenye daftari, anaweza kumwelekeza dereva wa gari la wagonjwa usiku wa manane bila kusema habari za mti mkubwa na nyumba ya bati jekundu.

Katavi ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Kila moja ina maofisa ardhi, watendaji wa vijiji na vijiwe vya bodaboda vyenye vijana wanaojua njia ambazo hakuna picha ya setilaiti inayozijua: ipi hupitika masika, daraja lipi la magogo limeondoka, wapi mchanga hulala gurudumu likazama hadi ekseli. Simu nyingi zilizopo mikononi mwao tayari zina GPS na zinaweza kurekodi njia wanapoipita. Halmashauri zikiwalipa mafuta ya siku chache, zikamweka ofisa mmoja wa kupokea na kusahihisha, njia hizo zitaingia kwenye ramani huria na kumfaa dereva, mchanjaji, mnunuzi wa tumbaku wa Inyonga na mgonjwa. Gharama yake haifikii simu ngumu chache za dukani. Ianze na njia ya Mwese, wakati wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijafuta alama za matairi.